Masharti ya Safu Nyekundu

Jumatatu, 3 Februari

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi ni mzima kama chuma, na kama wewe si mzima basi umeandikia mtu sahihi. Barua yako dereva wa lori la unga kanikabidhi mkononi, imekunjwa mara nane utadhani dawa ya minyoo. Unasema nesi wa huko kakupima presha, kaikuta imepanda kidogo, kakwambia "angalia mafuta, mama," halafu kaita mtu mwingine. Sasa unaniuliza mimi, mjukuu wako niliyeishia darasa la sita, kuangalia mafuta maana yake nini. Unayaangalia wapi, kwenye chupa?

Kaa kwenye kiti kwanza, usije ukaanguka kwa furaha. Unajua siku hizi nafanya kazi wapi? Zahanati. Ile kubwa ya hapa mjini, yenye vyumba tisa na tangi la maji juu ya paa. Sijaanza kudunga watu sindano, bado, lakini elimu yote ya zahanati inapitia mkono wangu huu wa kulia. Kwenye ukuta wa nje, pale wagonjwa wanapokaa benchi kusubiri kuitwa, tunaandika bango refu la mambo ya chakula. Tunaandika, maana yake mimi naandika na mzee anakunywa chai.

Mzee ni bosi wangu, fundi wa maandishi, tunamwita Vichwa. Sisi ni kampuni ya watu wawili na sheria zetu ni mbili. Ya kwanza, kichwa cha habari anaandika yeye, mwisho kabisa, kwa brashi pana ambayo mimi siruhusiwi hata kuipangusa vumbi. Mistari ya chini ndiyo yangu. Ya pili, rangi moja mpaka iishe: tukifungua nyekundu tunamaliza maneno yote ya nyekundu, ndipo tunasafisha brashi na kufungua kopo jingine. Maneno katunga dada wa lishe. Karatasi yake anayo Vichwa. Anaikata kwa mkasi, ananipa kipande cha siku hiyo, kilichobaki anakirudisha mfukoni kama hirizi.

Tumeanza na safu ya kushoto, nayo ni nyekundu. Nyekundu ni hatari, Bibi, hilo halihitaji darasa la saba. Nakunakilia neno kwa neno:

Mafuta yote ni mabaya kwa mwili.
Mwenye presha asiguse mafuta hata kidogo.
Mafuta ya mimea na mafuta ya mnyama ni mamoja.

Hata kidogo, umeona? Basi chupa yako ya mafuta uiage leo. Mwambie mjukuu wako kasema.

Ni mimi,
Mdomo, Daktari wa Ukuta


Jumapili, 9 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimsomea Mama Mayai, jirani yangu wa mlango wa pili, naye akasema huyo mtoto tangu azaliwe mdomo wake unatangulia miguu. Mara ya tatu niliacha kushona.

Niliacha kushona kwa sababu niliikumbuka ile siku uliporudi na begi la shule ukaingia chini ya meza ya cherehani, ukakaa kati ya vipande vya vitambaa, ukaniambia kichwa chako hakishiki kitu na hurudi tena. Sikukupiga. Nilikupa sindano utunge uzi. Leo kichwa kilekile kinanifundisha mimi. Acha nijivune kidogo, umri wangu unaruhusu.

Chupa ya mafuta nimempa Mama Mayai. Alikataa, nikaiacha mlangoni kwake nikaondoka. Sasa nachemsha kila kitu. Maharage ya kuchemsha bila tone la mafuta yana ladha ya kamba, lakini nimeyaongezea chumvi, tukaelewana. Mboga nazo vilevile, chumvi kidogo na tena kidogo.

Nina maswali, daktari. Mayai je? Unajua mimi na yai la asubuhi. Karanga ninazotafuna nikiwa nashona? Parachichi? Mti wa uani umezaa mwaka huu mpaka matawi yanalalamika. Uliza vizuri, usinijibu kwa kubahatisha kama ulivyokuwa unajibu hesabu.

Kazi ninayo nyingi. Shule imeniletea sare za watoto wote wa darasa la kwanza, na mikono ya mashati haina huruma.

Bibi yako


Ijumaa, 21 Februari

Mke wangu mtiifu,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, mvua ilipiga ukuta siku nne na rangi ya mafuta haikai kwenye ukuta mbichi. Lakini sasa safu ya kushoto imekwisha yote, na herufi zimesimama mpaka Vichwa mwenyewe kasema "mm." Huyo mzee akisema "mm" ni kama mwingine kukupigia vigelegele.

Maswali yako yamejibiwa na ukuta, kana kwamba dada wa lishe alikuwa dirishani kwako anachungulia. Nakili:

Mayai ni sumu ya moyo.
Karanga na parachichi hunenepesha, mtu aviepuke.
Samaki mwenye mafuta ni hatari.
Chakula kilichoandikwa "hakina mafuta" ule upendavyo.

Pole kwa yai. Pole kwa parachichi. Mti usiukate, waachie ndege, wao hawana presha. Ila huo mstari wa mwisho ni habari njema: kanunue zile biskuti za pakiti ya bluu, pembeni wameandika hazina mafuta, nimezikagua dukani mimi mwenyewe. Kula upendavyo, ukuta umeruhusu. Mkate mweupe mkavu nao ruksa. Sukari haikutajwa popote, kwa hiyo chai yako iko salama.

Bibi, hapa nimekuwa mtu. Watu wa benchi wananiuliza maswali nikiwa juu ya ngazi. Jana mzee mmoja mwenye mkongojo kaniuliza kama namruhusu karanga. Nikashuka vidato viwili, nikamwangalia machoni, nikamwambia baba, simruhusu hata bibi yangu mzaa mama. Akaitikia kwa kichwa. Mtu mzima, Bibi, ananiitikia mimi.

Sasa tunasubiri kopo la kijani kwa ajili ya safu ya kulia. Lililokuwepo limeganda kama jiwe. Nikipata zaidi nitakuandikia.

Mdomo, ambaye zamani kichwa hakikushika kitu


Jumamosi, 1 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Nimepokea. Nafuata yote.

Masharti yako nimeyabandika ukutani juu ya cherehani, kwa pini mbili. Kila anayekuja kupimwa nguo anayasoma, nami namwambia ni maandishi ya nani. Nimekuwa mwembamba kama msichana, sketi ya kahawia inanizunguka yenyewe nikitembea. Biskuti za bluu ni tamu sana, hilo nikupe sifa zako.

Barua ni fupi kwa sababu nina sare za kumaliza. Cherehani imekuwa nzito kidogo ya kukanyaga, nadhani inataka kutiwa mafuta. Hayo ya cherehani bado yanaruhusiwa, au nayo ukuta umekataza?

Usijali chochote. Kula, vaa sweta ukiwa juu ya ngazi.

Bibi yako


Jumanne, 4 Machi

Kwako wewe mtoto,

Hujambo. Ni mimi Mama Mayai. Usishtuke kuona mwandiko mwingine, bibi yako yuko hai na hajui kama nakuandikia, na akijua nitakuwa nimevunja ahadi niliyompa uso kwa uso. Kwa hiyo soma, kisha ufiche.

Sikuandikii kwa ajili ya mayai yangu, ingawa mayai yangu nayo yana haki ya kutajwa. Miaka kumi na moja bibi yako amekula yai langu kila asubuhi. Sasa nikipita na trei ananigeuzia uso kama nimebeba nyoka.

Mtoto, bibi yako anakwisha. Sketi aliyokwambia inamzunguka kwa mzaha, mimi nimeibana kwa pini ili isidondoke. Anakula mkate mkavu na biskuti, anakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari, halafu saa mbili baadaye anatetemeka mikono na kutafuta biskuti nyingine. Mboga zake zina chumvi hata mimi nilitema. Ngozi ya mikono imekauka inapasuka. Kukanyaga ile cherehani anapumzika kila mshono mmoja.

Alhamisi iliyopita aliinuka kwenye kiti, miguu ikakataa. Alishika kitambaa cha kwenye meza kikaja na kila kitu, nikamkuta ameketi sakafuni katikati ya mikono ya mashati, anacheka, ananiambia ameamua kushonea chini leo. Nilimpeleka kwa nesi kwa nguvu. Presha imepanda kuliko mwanzo. Nesi akamuuliza anakula nini, bibi yako akajibu "nafuata masharti," basi. Hakusema masharti ya nani. Foleni ilikuwa ndefu, tukarudi.

Nilipomwambia nitakuandikia alinishika mkono. "Usimwambie. Ni mara ya kwanza katika maisha yake kanifundisha kitu." Hayo ndiyo maneno yake.

Sasa wewe unayejua mambo ya ukuta, nieleze. Ni elimu gani hii ya kumfanya mtu mzima ashindwe kusimama?

Jirani yenu,
Mama Mayai


Ijumaa, 7 Machi

Mama Mayai, shikamoo.

Barua yako imenikuta juu ya ngazi nikirudia nyekundu mara ya pili. Niliisoma nikashuka, nikakaa kwenye benchi na wagonjwa, nikaisoma tena.

Nilimfuata Vichwa nikamwambia mzee, naomba karatasi nzima. Akasema ya kijani ni kesho, kopo limefika, subiri kipande chako. Nikamwambia sitaki kipande, nataka kichwa cha habari. Nadhani uso wangu ulimtisha, kwa sababu aliingiza mkono mfukoni bila "mm" yake.

Nakuandikia kama kilivyo. Juu ya safu ya kushoto, ile nyekundu yote niliyomtumia Bibi, pameandikwa: WATU HUSEMA HIVI, NA SI KWELI. Juu ya safu ya kulia: UKWELI NI HUU.

Mama Mayai, nimemlisha Bibi uwongo wa watu wiki tano. Na wa benchi pia niliwahubiria. Kila mstari wa kushoto una mwenzake kulia wa kuukanusha, nami sikuwahi kuuona kwa sababu ulikuwa mfukoni kwa mzee. Si kosa la mzee. Hakuniambia nimtumie mtu. Ningesubiri tu, au ningeuliza. Lakini unanijua.

Nilimkimbilia dada wa lishe ofisini kwake, miguu ina rangi, nikaacha nyayo nyekundu mpaka mlangoni. Nilimwelezea kila kitu. Hakucheka. Kasema mwili unahitaji mafuta, kiasi, na ya karanga, parachichi, mbegu na samaki ni mema. Kasema bila mafuta hata mboga hazimfaidishi mtu ipasavyo. Yai moja kwa watu wengi halina ubaya. Ya kupunguza ni yale mafuta magumu yanayoganda, na yale ya kukaangia yaliyorudiwa jikoni mpaka yamekuwa meusi. Kuhusu presha kaniuliza kwanza chumvi. Chumvi, Mama Mayai. Na biskuti za bluu kasema wametoa mafuta wakajaza sukari. Kasema arudi kwa nesi haraka, safari hii aseme kila anachokula, asifiche.

Sasa nakuomba jambo moja, kwa heshima. Usimwambie Bibi habari ya kichwa cha habari. Mpelekee mayai tu, mwambie zawadi. Mimi nitamwandikia kwa njia yangu ale. Akijua nilikosea namna hii sitaweza kumtazama tena.

Mdomo


Ijumaa, 7 Machi

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo sana. Habari kubwa kutoka zahanati. Madaktari wote wa hapa wamekaa kikao kizito, milango imefungwa, na wamebadilisha masharti. Ndivyo sayansi ilivyo, Bibi, haikai mahali pamoja kama kabati. Ya zamani yalikuwa sahihi kwa wakati wake. Sasa yametoka mapya kabisa, ya moto moto, na wewe ni mtu wa kwanza kuyapata nje ya kikao.

Kuanzia leo mayai yanaruhusiwa. Karanga zinaruhusiwa, parachichi linaruhusiwa, samaki mwenye mafuta karibu sana, na mafuta kidogo kwenye mboga. Chumvi imepigwa marufuku kali, na biskuti za bluu pia, tena na sukari ya chai ipungue. Halafu wamesema kila bibi mwenye mjukuu zahanati akapimwe upya kwa nesi. Ni amri ya kikao.

Anza leo hiihii. Mama Mayai nasikia ana mayai mazuri wiki hii.

Mdomo, Katibu wa Kikao


Alhamisi, 13 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Nimesoma habari za kikao.

Mwezi wa pili mafuta yalikuwa adui, mwezi wa tatu yamekuwa rafiki. Mwezi wa nne watasema nini, tule sabuni? Mimi si kitambaa cha kukatwa leo hivi na kesho vile. Hao madaktari wako wakishakubaliana vizuri wataniambia. Kwa sasa nabaki na masharti ya kwanza, uliyoniandikia kwa utulivu, mstari kwa mstari. Hii barua ya pili imeandikwa na mtu anayekimbia.

Mama Mayai amekuja na sahani ya mayai na uso wa mtu aliyemeza ufunguo. Sahani nimeirudisha imefunikwa. Kwa nesi sikwenda, nimechoka kidogo, na mlima wa zahanati yetu unaujua.

Sare nimezirudishia shule nusu, wamtafute mtu mwingine wa kuzimalizia. Usihuzunike. Mwili unapumzika tu.

Masharti yako yako palepale ukutani. Nikilala mchana nayaona kutoka kitandani.

Bibi yako


Jumamosi, 15 Machi

Bibi,

Shikamoo.

Hakukuwa na kikao. Hakuna daktari aliyebadilisha chochote. Mimi si katibu wa kitu chochote na daktari wa ukuta hayupo, yupo mtu anayepaka herufi kwa kufuata kamba na chaki.

Masharti niliyokutumia yalikuwa orodha ya makosa. Juu yake palitakiwa kuandikwa kwamba watu husema hivyo na si kweli. Kichwa hicho alikuwa nacho Vichwa, na ukweli wenyewe ulikuwa kwenye safu ya kulia ambayo tulikuwa hatujaifungulia kopo. Niliona nusu ya ukuta nikajiona nimeuona wote. Nilifurahi sana kwamba umeniuliza mimi, Bibi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza kitu. Nikaogopa nikikwambia subiri utamuuliza mwingine.

Halafu nilipojua, wiki iliyopita, sikukwambia. Nilitunga kikao. Nilidhani utakula na mimi nitabaki mkubwa machoni pako. Badala yake umerudisha mayai na kurudisha sare, na hiyo ni kazi ya uwongo wangu wa pili, ambao hauna Vichwa wa kusingizia.

Usimkasirikie Mama Mayai. Alijua, akanyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba, na kabla ya hapo ndiye aliyeniambia ulianguka.

Wale wa benchi nimewaeleza. Nilisimama chini, si juu ya ngazi. Mzee wa mkongojo aliniuliza kwa hiyo karanga ale au asile, nikamwambia baba, ingia ukamuulize dada wa lishe, mimi sijui. Ilikuwa ngumu kusema. Watu wawili walicheka, na wana haki.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yenyewe ya dada wa lishe, vipande vyote. Vichwa amevigundisha kwa gundi yake nzuri kimoja kimoja, na juu amenakili vichwa viwili vya habari kwa brashi pana, kwa mkono wake, kwa ajili yako. Usinisome mimi. Isome hiyo, kutoka juu mpaka chini, na kulia na kushoto. Kisha mpelekee nesi aisome na wewe, na umwambie chumvi, biskuti, sukari na kuanguka. Mwambie yote hata kama foleni inaguna. Dada wa lishe anasema wewe unatakiwa kupimwa na mtu anayekuona, si kutibiwa na barua.

Nakuomba ule. Ukikataa barua zangu baada ya hii nitaelewa. Lakini ule kwanza.

Mjukuu wako


Jumatano, 26 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile shikamoo ulizodhani sitaziitikia.

Barua yako ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita, ikiwa haikukunjwa hata mara moja. Niliisoma nikiwa nimelala, kisha nikaketi nikaisoma nimeketi. Sikuikasirikia. Ile ya kikao ndiyo iliyonikasirisha, kwa sababu nilikulea na najua ukisema kweli herufi zako zinakuwa kubwa na ukidanganya zinakimbizana. Sikujua unadanganya nini. Nilidhani wamekufukuza kazi unanificha.

Na mimi nikuambie langu. Tangu ile wiki ya pili mwili ulikuwa unanikatalia. Mtu aliyekula mayai na karanga maisha yake yote hawezi kudhoofika hivi kwa kuyaacha, kisha aamini kwamba anapona. Nilijua. Lakini kila nilipotaka kukuandikia nilikumbuka wateja wakisoma ile karatasi juu ya cherehani wakiniuliza nani kaandika vizuri hivi. Nilitaka kuendelea kujibu. Kwa hiyo usibebe mzigo wote peke yako, nusu yake ni majivuno yangu, na majivuno ya bibi kwa mjukuu yana uzito wake.

Nilikwenda kwa nesi Jumanne. Mama Mayai alinishika mkono mmoja, karatasi yako ilikuwa mkono wa pili. Mlima tulipumzika mara tano. Nesi aliisoma yote, foleni ikaguna, akawaambia wagune tu. Kanipa vidonge vya presha na tarehe ya kurudi, na kasema alipaswa siku ile ya kwanza kunieleza mafuta gani na kiasi gani, badala ya kunirushia neno moja. Kaniomba radhi. Karatasi kaomba ainakili, nikamwambia akianza aanze na vichwa vya habari.

Nilipofika nyumbani nilikula yai. Nililia kidogo. Si kwa ajili yako, ni yai lenyewe lilikuwa zuri. Toka siku hiyo nakula, nusu parachichi mchana, karanga kiganja kimoja zisizo na chumvi, ambazo bado hatujazoeana. Mboga naziungia kijiko cha mafuta kutoka kwenye ile chupa yangu, Mama Mayai alikuwa hajaifungua, alisema alijua nitaifuata. Miguu bado haijarudi yote. Leo nimekanyaga cherehani mishono minne kabla ya kupumzika. Jana ilikuwa miwili. Shule imeniletea tena mikono ya mashati, michache.

Mama Mayai ameniambia unasema hutaweza kunitazama. Njoo unitazame, sikukuu hii, na uje na huyo mzee wako wa brashi pana kama miguu yake inakubali safari. Nataka kumwona mtu anayekaa na mdomo wako siku nzima akajibu "mm" tu.

Jambo la mwisho. Nesi aliniuliza yale masharti ya kwanza nani alinipa. Nikamwambia mjukuu wangu. Akatikisa kichwa, akasema vijana wa siku hizi. Nikamwambia hapo simama, binti. Huyu kaniandikia kosa lake kwa mkono wake mwenyewe, bila mtu kumshika shati. Mimi nimeishi na babu yake miaka thelathini na nane, mtu mwema kuliko wote niliowajua, akafa bila kukiri kikombe changu cha maua alichokivunja wiki ya harusi. Alisema ni paka. Hatukuwa na paka.

Bibi yako